Nilionja Kwanza

Kuna watu kanisani kwetu ambao hadi leo wanaamini nilipanda kile kilima kwenda kusujudia sanamu. Waamini. Nimechoka kuwaeleza, na haya siyaandiki kwa ajili yao. Nayaandika kwa ajili ya binti yangu, ambaye hakuwahi kuambiwa habari yote, na kwa ajili yangu mwenyewe, kwa maana kila nikisikia wengine wakiisimulia naikuta imeota mkia mpya.

Mimi ni mkulima wa chai upande wa Nyamira. Nina nusu eka ya chai, migomba, ng'ombe mmoja, na mdomo ambao mama yangu alisema ungenikosesha mume. Mume nilipata, Mungu amrehemu, na mdomo ukabaki. Kwa miaka thelathini nilifanya kazi pia mjini Kisii, katika nyumba ya mama mmoja Mhindi aliyeishi ghorofani, juu ya duka lake la vitambaa. Watoto wake walimwita Ba, yaani mama, nami nikamwita vivyo hivyo. Nilimpikia, nilimfulia, nilimzikia mumewe kwa namna yao ya moto. Tuligombana kila wiki na hakuna aliyewahi kumfukuza mwenzake.

Kanisani nilikuwa shemasi. Tunaoshika Sabato tuna Meza ya Bwana mara nne kwa mwaka, na mkate wake niliuoka mimi. Mkate huo hautiwi chachu. Ni unga, mafuta, maji na chumvi kidogo, unausukuma mwembamba na kuuchora mistari kwa kisu ili umegeke sawasawa. Chumvi ikizidi umeharibu, moto ukizidi umeharibu. Kwa miaka kumi na mmoja niliuoka peke yangu jikoni kwangu, Ijumaa mchana, nikiimba. Wengine walipewa viti vya mbele na vitambulisho vya kuvaa shingoni. Mimi nilikuwa na mkate, na sikumwonea mtu wivu.

Habari ya kilima nilipewa siku mwanawe Ba alipokuja kutoka Uingereza kumchukua moja kwa moja. Duka lilikuwa limeuzwa, masanduku yako mlangoni. Nilikuwa nakunja shuka. Ba akafunga mlango wa chumba, akakaa kitandani, akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani:

"Mimi iko na ahadi kwa Mungu. Ahadi ya kilima. Ya mtoto yako."

Binti yangu alipokuwa na miaka sita alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Siku kumi na moja alilala hospitalini bila kunijua mimi mamake. Wanawake wa kanisa walifunga na kuomba kwa zamu, na hilo nalijua kwa sababu walinijulisha, na wameendelea kunijulisha. Nililokuwa silijui ni kwamba Ba naye, siku ya saba, alimwambia mungu wake: huyu mtoto akiinuka, nitapanda kilimani kwa miguu mitupu, kutoka chini hadi juu, nikuletee wali mtamu. Mtoto akainuka. Mwaka uleule mume wa Ba akapigwa na kiharusi, Ba akamuuguza miaka na miaka, na alipomzika, magoti yake yeye yalikuwa yamekwisha kukataa. Ahadi ni deni, na hili alilibeba peke yake bila kunidokezea hata siku moja.

"Mbona hukuniambia, Ba?"

"Wewe ungesema, Ba, wacha."

Kweli, ningesema hivyo.

Kilima chenyewe kiko upande wetu. Bibi yangu alikuwa akisema zamani watu walipanda huko kuomba mvua, na hakuna aliyethubutu kukata kuni pale. Baadaye, enzi Wahindi wa maduka walipokuwa wengi Birongo na vituo vingine vya huku, walijenga kileleni hekalu dogo, chumba kimoja cheupe chenye paa la kuchongoka na bendera nyekundu. Siku hizi kuna mlingoti wa simu pia, na barabara ya kokoto za murramu ya kuufikia. Kilima kimewapokea wote bila kinyongo. Wenye kinyongo ni sisi wa bondeni.

Mwanawe aliposikia, alishika kichwa. "Mama, bodaboda inafika hadi mlangoni. Utapanda kwa dakika tano."

"Yaya," akasema Ba.

Hilo ni neno letu Wakisii la kukataa. Alilijifunza akiwa bibi arusi, nyuma ya kaunta ya baba mkwe wake kule Birongo, akibishana na mama zetu bei ya kitambaa. Akilitamka, jambo limekwisha.

Aliniomba mambo mawili. Nimsindikize, na nimpikie ule wali wa maziwa, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Hilo la pili lilinishangaza. Miaka yote chakula cha mungu wake alikipika mwenyewe alfajiri, kabla sijafika. Kwa hesabu yao ya mwezi, siku ya kupanda iliangukia Jumamosi. Ba akanitazama, akafikiri kidogo.

"Jumamosi wewe hapana. Basi Jumapili. Mungu yangu atangoja."

Nataka hili likumbukwe. Mungu wake alingoja siku nzima kwa ajili ya wangu.

Sikuficha safari yangu. Niliitaja mbele ya kina mama wa kanisa, na Ijumaa mzee wa kanisa akanifuata shambani nikichuma chai. Si mtu mbaya. Ndiye aliyemfundisha binti yangu mafungu ya Biblia. Alisimama kwenye mstari wa chai na viatu vyake vilivyong'aa.

"Dada, nimesikia Jumapili una safari."

"Ninayo."

"Ya kubebea sanamu matambiko."

"Ya kumsindikiza mama mzee. Tambiko ni lake, kapu ni langu."

"Mtoto wako aliponywa na nani?"

"Na Mungu."

"Basi huko unakwenda kumshukuru nani?"

Nikaacha kuchuma. "Mzee, nyinyi mlifunga na mkaomba. Nilimshukuru kila mmoja wenu, mkala jogoo wangu wawili. Huyu naye aliweka nadhiri kwa ajili ya mtoto yuleyule na hajaambiwa hata asante. Sijui huko juu ni nani aliyesikika kwanza. Wewe unajua?"

Alisema, "Ukipanda, mkate utauweka chini. Mikono iliyobeba vya sanamu haitaoka mkate wa Meza ya Bwana."

Nikatupa majani kapuni kwa nguvu. Ilikuwa hasira, na chini ya hasira palikuwa na huzuni kubwa, kwa sababu alikuwa ameshika palepale panaponiuma. Nikamwambia mvua inakuja, aende zake asije akaharibu viatu.

Usiku huo nilijiuliza kama kilima cha watu wengine kina thamani ya mkate wangu. Nilijiuliza kwa haki kabisa. Halafu nikamkumbuka mtoto wangu siku ya saba, macho wazi na hanioni, na mama wa dini nyingine chumbani kwake akiahidi miguu yake mwenyewe. Nikasema liwalo na liwe.

Jumapili asubuhi nilibeba kapu langu la chai mgongoni. Ndani mlikuwa na sufuria ya wali uliopikwa kwa maziwa, sukari na iliki, ndizi za kisukari kutoka shambani kwangu, na nazi tatu. Nazi nilinunua mbili mjini kwa Mwislamu mmoja mwenye duka karibu na msikiti. Aliniuliza ni za wali wa nani. Nilipomwambia ukweli alicheka, akaniongezea moja, akasema, "Mwambie huyo mama aniombee na mimi." Kumbe kuna watu ambao imani yao haitetemeki wakiona nazi.

Chini ya kilima Ba alivua ndala, akanipa. Nami nikavua viatu vyangu. Haikuwa imani. Binti yangu anauza viatu vya mitumba Mosocho, na vile nilivyovaa alikuwa amenichagulia yeye. Sikuweza kumwona mtu akikanyaga kokoto kwa ajili ya mwanangu nami nimevaa viatu vya mwanangu huyohuyo.

Ba alitaka kupanda wima, kama mtu anayekwenda kugombana. Nikamzuia. Sisi wachuma chai hatuukabili mlima uso kwa uso. Unaukata kwa upande, mguu umeulaza, hatua kumi kulia, unapumua, unageuka, hatua kumi kushoto. Nilimfundisha hivyo, mkono wake begani kwangu. Alikuwa na miaka themanini kasoro. Sari yake nyeupe aliikunja hadi magotini, na miguu yake ilikuwa myembamba, ya mtu aliyeishi juu ya sakafu.

Kina mama waliokuwa wakirudi sokoni walisimama kutuangalia.

"Mong'ina, umebadilisha dini?" mmoja akaniuliza, akiniita kwa jina letu la heshima la mama mtu mzima.

"Nimebadilisha njia tu. Wewe umebadilisha nini tangu uzaliwe?"

Wakacheka, nasi tukaendelea. Katikati ya mlima murramu iliisha, pakaanza mawe. Hapo ndipo miguu ya Ba ilipoanza kutoa damu. Mwanawe alikuwa akitufuata juu ya bodaboda, na kila tuliposimama dereva alivuta mafuta, pikipiki ikalia brrr, brrr nyuma yetu. Hakuna kitu kilichoniudhi siku hiyo kama ile pikipiki.

"Mama, panda. Tafadhali. Nani atajua?"

"Yaya."

Alikaa juu ya jiwe, midomo imekauka. Nilitazama vidole vyake, nikashindwa. Mimi mwenye mdomo, mimi niliyemjibu mzee wa kanisa, ndiye niliyesema, "Ba, inatosha. Mungu ameona."

Akanitazama kama alivyonitazama siku nilipounguza shuka yake ya harusi.

"Mungu ameona," akasema. "Mimi bado."

Akasimama. Hatua kumi kulia, hatua kumi kushoto, hadi juu.

Kileleni mlingoti ulikuwa ukivuma. Mlinzi wake ndiye pia mwenye ufunguo wa hekalu. Kuhani alikuwa ametoka Kisumu, kijana mwenye saa kubwa, aliyefika kwa pikipiki na alikuwa na haraka ya kurudi. Ndani ya hekalu mlikuwa na jiwe lililopakwa rangi nyekundu, lenye macho mawili ya fedha. Nitasema kweli: nililiogopa kidogo. Kisha nikaona mashada ya maua yaliyokauka shingoni mwake na vumbi la miezi, nikalionea huruma, kwa sababu halikuwa na mtu wa kulifagilia.

Ba akavuka kizingiti. Kuhani akanyoosha mikono nimpe sufuria. Nami nikafanya nilivyofanya maisha yangu yote.

Kwetu Gusii humpi mtu chakula bila kukionja mbele ya macho yake. Sumu imeua watu wengi mno huku, na hofu ya sumu imewaua wengine zaidi. Mama yangu alinifundisha kabla sijajua kusoma: ukileta uji, kunywa kwanza, ukileta pombe ya wazee, kunywa kwanza. Anayekupa bila kuonja ana neno nawe. Basi nikafungua sufuria, nikachota wali kidogo kwa kijiko, nikauweka kiganjani, nikala, nikameza. Kisha nikampa sufuria kwa mikono miwili, kwa heshima yote.

Kuhani akarudisha mikono yake nyuma kana kwamba nimempa nyoka.

"Imeonjwa," akasema. "Haiwezi. Hicho sasa ni makombo."

Nikaelewa, na nikatamani kilima kinimeze. Kwao cha Mungu hakionjwi. Hata harufu yake anayepika hujizuia kuivuta. Miaka thelathini katika nyumba ile nilikuwa sijui, kwa kuwa chakula kile hakikuwahi kupita mikononi mwangu. Nadhiri aliyoibeba miaka yote, damu ile yote mawe yameinywa, nami nimeiharibu kwa kijiko kimoja. Machozi yakanitoka. "Ba, nisamehe. Nisamehe, sikujua."

Ba hakuniangalia mimi. Alimgeukia kuhani, miguu yake ikiacha alama nyekundu sakafuni.

"Mimi nakula chakula yake miaka thelathini," akasema. "Kila siku yeye anaonja mbele. Kila siku. Mimi iko hai."

Kuhani akaanza kumweleza kwa lugha yao, kwa adabu, kwa kirefu. Ba akamwacha amalize. Kisha akachukua sufuria mikononi mwangu, akainama kwa yale magoti yaliyokwisha, akaiweka mwenyewe mbele ya lile jiwe.

"Kama mimi nakula," akasema, "Mungu pia atakula."

Kuhani alitoka nje kupiga simu. Sidhani alikuwa na mtu wa kumpigia. Ba akaomba. Nilisikia jina la binti yangu katikati ya maneno nisiyoyajua, limetamkwa vibaya kama alivyolitamka siku zote, nami nikalia tena. Alipomaliza alichota wali uleule, akanipa kiganjani, akampa mwanawe, akampa mlinzi, akampa na dereva wa bodaboda. Kuhani naye aliporudi alikula. Alikuwa na njaa.

Kabla hatujafika chini, mlinzi alikuwa amepiga picha na picha imefika katika kundi la wasap la kanisa. Mimi hapo, pekupeku, mlangoni mwa hekalu, kiganja mdomoni.

Baraza liliniita Sabato iliyofuata, baada ya ibada, katika chumba cha nyuma. Wanaume watano na benchi moja. Mzee wa kanisa alikuwa na swali lililoandikwa.

"Dada, ulikula kilichotolewa kwa sanamu?"

"Nilionja kwanza," nikasema. "Mimi ndiye niliyetangulia kula. Kama kuna aliyekula makombo, ni sanamu."

Mmoja alicheka, akakificha kicheko kwa kikohozi. Mzee wa kanisa hakucheka.

"Hili si jambo la mzaha."

"Sifanyi mzaha. Simpi mtu kitu nisichokionja, si kwa Mhindi wala si hapa. Huu mkate mnaokula kila robo, mnadhani naujuaje kama chumvi imetosha? Nauonja, wazee wangu. Kila robo namega kipande, natafuna, nikiridhika ndipo naleta. Miaka kumi na mmoja."

Niliona nyuso zao zikihesabu robo zote hizo kurudi nyuma. Ningeweza kunyamaza, ningetubu jambo moja nikaenda nyumbani. Lakini mdomo ni wangu.

Walinivua huduma. Ushirika waliniachia, mkate wakauchukua. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni, nasema wazi, nikiwa nimeshika ule ubao wa kusukumia. Ba alinipigia simu kutoka huko kwenye baridi. Akauliza, "Mkate iko?"

"Wamechukua, Ba."

Akasema, "Sababu ya mimi."

"Yaya," nikamwambia.

Robo iliyofuata nilikwenda kanisani kama kawaida, nikakaa mbele kabisa wanione vizuri. Mkate ulikuwa umeokwa na mtu mwingine, mwaminifu, mtiifu, ambaye bila shaka hakuuonja. Ulikuwa na chumvi ya kutosha kukausha samaki. Nilimwona mzee wa kanisa akiutia mdomoni kwa uchaji, kisha macho yakamtoka. Kanisa zima likatafuna kimyakimya, likasubiri divai ile ya zabibu kama watu waliotoka jangwani. Mimi nilikula kipande changu chote. Sikucheka hadi nilipovuka daraja.

Robo ya pili haikuwa nafuu. Ya tatu ilipokaribia, Ijumaa asubuhi, mke wa mzee wa kanisa alibisha hodi jikoni kwangu na pakiti ya unga chini ya leso.

"Mume wangu ndiye amenituma," akasema, "lakini anasema hajanituma."

"Karibu. Kaa."

"Wanataka uoke tena. Kimyakimya. Hakuna atakayetangaza." Akashusha macho. "Ila anaomba jambo moja. Usionje."

Nikaupokea unga. Nikanawa mikono, nikakanda, nikasukuma, nikachora mistari kwa kisu, nikaoka, naye amekaa pale kwenye kigoda akinitazama. Sikuimba. Jiko likajaa ile harufu niliyokuwa nimeikosa karibu mwaka mzima, na nilijua kabisa kwamba nikiufunga tu katika kitambaa cheupe na kumpa, kazi yangu imenirudia.

Nilipoutoa ulikuwa umekauka vizuri, rangi ya mchanga. Nikamega kipande pembeni, nikakitafuna mbele ya macho yake, taratibu, nikameza. Chumvi ilikuwa imetosha. Kisha nikaufunga mkate, nikampa kwa mikono miwili.

"Mwambie nimeonja," nikasema.